Simu ya Nahodha

Wivu ninao, tena wa kuniunguza, na sioni sababu ya kuuficha. Anayeniunguza ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, ambaye mimi mwenyewe nilimtafutia kazi melini. Kweli asante ya punda ni mateke!

Kwenye meli yetu, umeme wa safarini hutoka kwenye jenereta inayozungushwa na shafti, mhimili uleule unaozungusha propela. Shafti ikienda mwendo mmoja, umeme unatulia kwenye mizunguko sitini kwa sekunde. Injini ikipunguza mwendo, umeme nao unazorota: pampu zinalegea, mitambo inagoma. Kwa hiyo nahodha alikuwa hapunguzi mwendo mpaka anipigie simu huku chini, chumba cha injini.

"Fundi, nipunguze?"

Hapo nawasha jenereta ndogo yenye injini yake, nahamishia mzigo wote huko, ndipo namjibu, "Haya, punguza." Nahodha mzima, na mistari yake mabegani, anasubiri neno langu! Hata mke wangu nyumbani hanisubiri hivyo.

Sasa shemeji kaja na kabati lake la mitambo ya umeme. Eti umeme wa shafti uje na mizunguko yoyote ile, kabati linaunyoosha kwanza, halafu linaukatakata upya, sitini kamili. Injini iende itakavyo. Siku ya kulijaribu tulikuwa tunakaribia bandari. Nilisimama mbele ya mita nikiomba, Mungu anisamehe, mshale uyumbe japo kidogo. Injini ikashuka. Ikashuka tena. Mshale tuli, palepale kwenye sitini.

"Umeona, shemeji?" akaniuliza, meno yote nje.

"Ngoja kwanza. Mambo bado."

Simu ilikuwa ukutani, kimya. Uzalendo ukanishinda. Nikaenda kuwasha jenereta yangu ndogo, iwe tayari, maana nilijua nahodha atanihitaji tu. Na kweli, simu ikalia! Nikampiga kikumbo shemeji, nikaidaka.

"Naam, nahodha! Fundi hapa!"

"Nani kawasha jenereta ndogo? Naona moshi huku juu. Zima bwana, mafuta yanaungua bure."

Shemeji alikuwa amesikia. Hakucheka safari hii, afadhali angecheka. Akajifanya anafuta vumbi kwenye kabati lake.

Nikazima. Melini humo hakuna taa hata moja iliyopepesa.