Udi Usio na Moto

Pandu alipofariki, Ruweida alisahau mambo mengi, lakini la udi hakulisahau. Majamvi ya msiba yalikuwa bado yametandikwa ukumbini alipolifunga kabati lake la vioo na kumkabidhi ufunguo wifi yake, Mize, mbele ya wanawake wote waliokuwapo.

"Mpaka nitoke eda," alisema.

Mize akaufunga ufunguo kwenye pembe ya kanga, akakaza fundo kwa meno. Alikuwa dada mkubwa wa Pandu, mtu wa Tumbe, na alikuja Gombani kukaa na mjane mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Wengine walisema amekuja kumliwaza. Wengine walisema amekuja kumchunga. Yeye mwenyewe hakukanusha lolote.

Ndani ya kabati lile mlikuwa na vichupa vya vipande vya udi, kila kimoja na jina lake limebandikwa kwa karatasi: wa Hindi, wa Kambodia, wa Malesia, na kile kilichoandikwa "wa uongo," alichokiweka makusudi ili pua isisahau uongo unanukaje. Ruweida hakuwa muuza udi. Alikuwa mshonaji wa mabuibui, nyumba yake ikitazama ukuta wa uwanja wa mpira, na kila harusi iliyomletea kazi sehemu ya ujira wake iliishia kwenye chetezo. Alhamisi alasiri marafiki zake walikuwa wakija, kila mmoja na kipande chake kwenye leso. Anayeonja anafungwa macho kwa mtandio, kipande kinawekwa kwenye kaa, na anatakiwa aseme: unaanza vipi, katikati unageuka nini, unaishaje. Ruweida alikuwa haharakishi. Aliweza kunyamaza mpaka kaa likapoa, halafu akasema, "Huu umeanza kama asali, katikati ukawa ngozi mbichi, mwisho umenifanyia ubahili." Wenzake wakacheka, kisha wakajaribu tena na kuona kweli umefanya ubahili.

Watu wa Tumbe walikuwa na maneno yao juu ya hilo. Ruweida ni wa nyumba ya Kimanga, ya Waarabu, babu yake alikuwa na mashamba ya mikarafuu, na ingawa mashamba yalikwisha kwenda zamani, wao waliona pua ndiyo iliyobaki. Na pua hiyo iliolewa na mchukuzi wa samaki. Pandu alikuwa akipakia samaki Tumbe alfajiri na kuwateremsha Chake Chake kwa pikapu, na hakuna sabuni iliyopata kumshinda yule samaki. Akirudi nyumbani alikuwa akisimama mlangoni, mikono nyuma, na kuuliza, "Leo nimebeba nini?" Ruweida akajibu bila ya kuinua kichwa kwenye cherehani, "Changu. Na jodari mmoja aliyelala tangu jana." Hakukosea sana.

Sasa alikaa chumbani kwa nguo zake za kawaida zisizo na rangi, hana wanja, hana hina, hana hata sabuni ya kunukia. Hayo hayakumwia tabu. Alitaka eda yake iwe safi, isiwe na doa la kusemwa na mtu. Kwa Pandu hakuwa amebakiwa na la kumfanyia isipokuwa hilo.

Basi alasiri moja, baada ya sala, chumba kikanukia udi.

Alikuwa bado juu ya mswala. Kwanza alidhani ni kwa jirani. Akainuka, akafunga dirisha. Harufu haikupungua. Ilikuwa imesimama pembeni mwa kitanda, upande wa Pandu, kama mtu anayengoja aambiwe akae. Akavuta mtandio akaziba pua, na hapo akajiona alivyo, kwani pua ilikuwa imekwisha anza kazi yake: udi wa Hindi, mkavu, wa bei ya kati.

Mize akaja na bilauri ya maji. Alisita mlangoni.

"Wifi," alisema polepole, "umejifukiza?"

"Sijajifukiza."

"Nnasikia udi."

"Na miye nnausikia."

Mize akatazama chini ya kitanda. Akatazama nyuma ya pazia, akakishika chetezo kilichokuwa juu ya kabati la nguo. Kilikuwa baridi, na ndani mlikuwa na buibui amejenga. Akaligusa fundo la kanga yake, ufunguo ulikuwapo.

"Sawa," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaona sawa.

Siku ya pili ikaja tena, wakati uleule. Na siku iliyofuata. Mize akaacha kuuliza na kuanza kusema. "Nyie wenye pua zenu hamwezi kukaa bila ya udi hata kidogo. Ndugu yangu hata udongo wa kaburi haujakauka." Mara nyengine akisema na sufuria, "Mwengine kafiwa, mwengine yumo harusini." Ruweida alisikia yote kutoka chumbani. Hakujibu, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kukiri.

Akampigia simu Bi Maryamu, aliyemsomesha Kurani chuoni utotoni. Bi Maryamu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Harufu iliyokujia yenyewe haina dhambi, mwanangu," alimwambia. "Lakini usiifuate. Ukianza kuifuata, hapo umeshaitaka."

Hilo ndilo lililomkaba. Asipoifuata hatajua inatoka wapi, na asipojua, Tumbe wote watasema mjane wa Pandu alijitia manukato na kaburi bichi. Akiifuata, watakuwa wamesema kweli.

Hakuifuata. Lakini haikuwa na haja ya kufuatwa. Kila alasiri ilikuja yenyewe na kujifungua mbele yake kidogo kidogo, naye hana pua nyengine ya kubadilisha. Chini ya udi alikuta kafuri, baridi kama kigae. Chini ya kafuri, majani ya mkunazi yaliyopondwa. Hapo akajua. Alikaa kitako sakafuni. Hii haikuwa harufu ya mtu anayejipamba. Ilikuwa ya mtu aliyekoshwa, akavikwa sanda, sanda ikafukizwa. Na udi wote anaoujua huisha na uchungu wa majivu, kwa sababu umeungua. Huu haukuwa na majivu. Ulifika pale unapotakiwa kuisha ukaendelea kukaa.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba hamkuwa na harufu ya samaki. Alimtafuta Pandu ndani yake na Pandu yule hakuwemo. Mahali pa samaki palikuwa na kitu kingine, chembamba, kichungu, ambacho hakukitegemea.

Mize alikwisha mpigia ndugu yake. Ijumaa, baada ya sala, Mjaka akafika kutoka Tumbe. Alikuwa mdogo wa Pandu, mtu mpole, mzito wa kusema. Ndiye aliyemkosha kaka yake. Wakafunga pazia katikati ya ukumbi, kwani shemeji si maharimu, Mjaka akakaa upande wa mlango na Ruweida upande wa chumba. Mize alisimama mwisho wa pazia, anawaona wote wawili.

"Shemeji," alianza Mjaka, "mimi sikuja kugombana. Wifi yako anasema kuna udi."

"Upo."

"Wa nani?"

"Wa Pandu."

Mize akaguna. "Marehemu hajui kuwasha makaa, wifi. Hata uhai wake hakujua."

"Muache aseme," Mjaka alisema.

Ruweida alivuta mtandio mpaka chini ya kidevu. Alisema kama alivyokuwa akisema Alhamisi, kwa utaratibu, ila sauti haikuwa ile. "Udi wa Hindi, si wangu, wa dukani. Kafuri nyingi. Mkunazi, maji ya mwanzo. Sikuwamo mlipomkosha, shemeji, wala sikuulizia. Lakini mwisho kabisa, chini ya vyote, kuna ndimu. Si maji yake. Ni ganda, limesuguliwa kwenye ngozi, kwa nguvu. Kwenye vidole."

Mize akasogea kumtazama ndugu yake.

"Mjaka? Ndimu n'ya nini? Maiti hasuguliwi ndimu."

"Wenzangu walipotoka kwenda kuchukua sanda," Mjaka alisema, "nilibaki naye peke yangu. Vidole vyake vilikuwa bado vinanuka samaki. Nikaona, hivyo ndivyo atakavyokwenda?" Akapumua. "Nilikuwa na ndimu mfukoni. Nilisugua mpaka ikanitoka mkononi. Sikumwambia mtu."

Mize alikaa chini palepale alipokuwa. "Nisamehe, wifi."

"Nshakusamehe."

"Ipo sasa hivi?" Mjaka aliuliza.

Ruweida hakutaka kunusa, akanusa. Chumbani nyuma yake hapakuwa na kitu. "Ipo," alisema. "Upande wako."

Akasikia kiti kikisogezwa. Mjaka hakuaga vizuri. Aliinuka, akatafuta viatu vyake mlangoni, na Ruweida, bila ya kuona kitu nyuma ya pazia, aliijua kila hatua yake, kwani harufu ilikuwa inakwenda naye. Ilipita ukumbini, ikafika kizingitini. Ruweida alikuwa amekwisha simama. Mkono wake ulikuwa umeshalishika pazia. Nje ni hatua chache tu mpaka barazani, na mjane hatoki ila kwa dharura, naye alijua hii si dharura, ni hamu. Aliliacha pazia. Pikipiki ikawaka, ikaondoka, na nyumba ikabaki haina harufu ya kitu chochote.

Kesho yake alasiri simu ya Mize ililia. Mize alisikiliza, uso ukambadilika, akaja chumbani simu kaishika mbali na sikio kama kitu cha moto.

"Mjaka. Anasema harufu imefika kwake. Mkewe kachukua watoto kenda kwao. Anasema aje tena leo, huenda ikarudi kwako."

Ruweida alikuwa juu ya mswala. Akilini alimuona Pandu mlangoni, mikono nyuma. Mdomo wake ulitaka kusema aje, aje sasa hivi.

"Asije," alisema.

"Wifi, anaogopa."

"Najua. Nikisema aje, nshaitaka. Mwambie asije mpaka nimalize eda."

Mize alimtazama, kisha akaipeleka simu sikioni na kusema alivyoambiwa. Ruweida akainuka, akafunga dirisha linalotazama njia ya Tumbe, ingawa chumba kilikuwa na joto, akarudi kukaa.