Idi Iliyotupita Mtanda

Ukimuuliza baba kwa nini alituhamisha mjini Lindi akatupeleka Mtanda, alikujibu kwa neno moja: upepo. Ukimuuliza mama, hakukujibu, alikuonyesha samaki. Samaki aliyetoka pwani alfajiri, akapandishwa kilima kichwani mwa mchuuzi, akasimamishwa mlango hadi mlango mpaka kutufikia sisi wa mwisho, alikuwa keshalegea macho. Mama alimshika mkia akamwinua juu ili baba amwone vizuri. "Huyu naye mwanike kwenye upepo wako," alisema.

Hizo zilikuwa siku za Mwingereza, baada ya vita, na Mtanda haikuwa hii mnayoijua. Nyumba zilikuwa za kuhesabika, kati yake mihogo na mikorosho, na yetu ilikuwa upande wa nyuma wa mteremko, mahali ambapo hata bahari huioni. Kabla ya hapo tulikaa mjini katika nyumba ya marehemu babu, baba na kaka yake na wake zao na watoto wote, chumba kimoja kila familia na choo kimoja cha kugombania. Ukikohoa usiku, asubuhi unaulizwa umeanza lini kuumwa. Baba alikuwa fundi cherehani, akishona barazani mwa duka la Mhindi. Alijinyima akajenga, na siku tuliyohamia alizunguka kiwanja chake chote kwa miguu kabla ya kuingia ndani.

Sasa nisiwafiche, kiwanja kilikuwa kizuri. Tulikuwa na kisima cha maji matamu, wakati mjini maji yalikuwa na chumvi mpaka chai ikakataa sukari. Kuku walitaga wanapotaka. Muhogo uliuchimba pale pale ukauweka jikoni bado una udongo wa moto. Mama aliweza kununa siku nzima bila ya wifi kumuuliza ana nini, na kwa mama hiyo ilikuwa neema kubwa, ingawa hakuikiri. Lakini alikuwa na ya kwake ya kusema, na yalikuwa kweli pia. Msikiti ulikuwa mbali. Chama cha wanawake wenzake cha kusoma maulidi kilikuwa mbali, na masika yakianza njia inakuwa utelezi mtupu. Msiba ukitokea mjini, tunafika watu wameshaoga na kupaka wanja. Na jirani wa karibu alikuwa bibi mmoja wa Kimwera, Mkristo, aliyetoka bara na mumewe kuja kulima. Mama alimsalimia vizuri, akampa maji ya kisima chetu, ila chakula chake hakukila. Bibi yule alilijua hilo, wala hakulisema.

Mimi nilikuwa nimeshavunja ungo, na niliona haya kukaa Mtanda kuliko mama. Msichana mwenzangu akiniuliza mjini ninakaa wapi, nilimjibu kwa babu, kama vile babu alikuwa hai na sisi bado tuko chumba kile kile. Jioni ya kurudi nyumbani nilikawia makusudi mpaka wenzangu waingie kwao, ndipo niishike njia ya kupanda, mtu asinione ninakoelekea.

Basi ikaja posa. Kijana alikuwa wa mjini hasa, kwao wafanyabiashara, nyumba yao ina mlango wa nakshi na baraza la kukaa watu wengi. Posa ililetwa kwenye nyumba ya babu, na baba mkubwa ndiye aliyeipokea. Baba aliitwa kutoka kwenye cherehani yake akaja akaijibu. Kijana mwenyewe nilikuwa nimemwona mara chache, na nisiseme uongo, nilimtaka. Usiku nilikuwa nikilala naufikiria ule mlango.

Tatizo lilikuwa mama yake. Hakuwa na neno na mimi, alisema, binti ana heshima na baba yake ni mtu wa msikitini, ila wenyewe wameamua kwenda kukaa na nyani. Alilisema hilo kwenye harusi ya watu, kwa kicheko, na lilitufikia Mtanda haraka kuliko samaki. Ikakubaliwa tarehe ya ndoa itapangwa baada ya Idi. Mwezi mzima wa Ramadhani nilifunga nikiomba jambo moja tu, kwamba mwanamke yule asibadili nia.

Siku ya ishirini na tisa baba alishona mpaka mkono ukafa ganzi. Kanzu za nusu ya mji zilipita chini ya sindano yake. Ya mwisho ilipochukuliwa alifunga kazi, akapanda kilima, akafuturu nasi. Tulitoka nje kutafuta mwezi, mbingu ilikuwa wingu tupu. Haukuonekana. Baba akasema basi tunakamilisha thelathini, kesho tunafunga, kesho kutwa ndiyo Idi. Tukala daku, tukanuia.

Kumbe mjini habari ililetwa usiku kwa simu kwamba mwezi umeandama kwingine. Mpiga mbiu alitolewa, akaizunguka mitaa yote. Lakini mpiga mbiu wa Lindi alikuwa na desturi yake, alifika pale njia inapoanza kupanda akageuka, kwa sababu zamani mji uliishia pale. Waislamu wachache waliokuwa Mtanda walikaa upande wa mbele, huenda walisikia. Sisi wa nyuma upepo wa baba ulivuma kinyume. Na baba mkubwa alidhani mtu ametuambia, na huyo mtu alidhani baba mkubwa ametuambia.

Mnajua nyumba ya Kiswahili inavyokuwa mkesha wa Idi. Kila kilicho ndani kinatoka nje. Asubuhi ile tulitoa vitanda vipigwe jua na kumwagiwa maji ya moto kwa ajili ya kunguni, tukatoa magodoro, mikeka, masanduku, vyungu, mpaka mapazia tukayashusha tukayafua. Mama alikuwa kwenye kinu na kanga yake ya kazini iliyochanika ubavuni. Mimi nilikuwa nakandika ukuta wa jiko, udongo mpaka kwenye viwiko, nywele nimezifumua zisubiri kusukwa jioni. Baba alikuwa amejilaza juu ya mkeka uani, singlendi na msuli, mdomo wazi, ameuachia usingizi wa saumu.

Ndipo nilipoona miavuli ikipanda. Mbele alikuja mama mkwe wangu, nyuma yake dada yake, na nyuma yao msichana wa kwao amebeba sinia limefunikwa kitambaa. Waliniletea idi ya mchumba, kanga na halua na manukato, kama inavyofanywa. Walikuwa wamevaa buibui mpya na wananukia udi mpaka kuku wakasimama kuwatazama.

Mwali haonwi na mkwewe hovyo, hilo nimefundwa. Nilitupa udongo nikakimbilia ndani nijifiche. Ndani hamna kitu. Hamna pazia, hamna kitanda cha kuinama nyuma yake, kuta tupu na jua linaingia mlango wa mbele linatokea wa nyuma. Nikatoka mlango wa nyuma nikachutama kwenye mihogo ya jirani, nywele zimesimama, matope yananikauka mikononi. Niliwaona wote, nikasikia kila neno.

"Idi mubarak," alisema mama mkwe.

 Mchi ulibaki juu mkononi mwa mama. Baba aliamka, akakaa, akaivutavuta singlendi yake kama mtoto. Aliwatazama wale wanawake, akalitazama sinia, na nikaona uso wake unaelewa kidogo kidogo. Akauliza mwezi umeandama lini.

"Jana, fundi. Mji mzima umeswali, na kanzu zako ndizo walizovaa." Alisema kwa upole, wala hakucheka, na ningependa angecheka. Akaongeza kwamba watu walimuulizia baba kule msikitini, wakadhani ni mgonjwa.

Kufunga siku ya Idi ni haramu, kila mtoto anajua. Ilimpasa baba afungue pale pale, mbele yao, na nyumbani hapakuwa hata na chai, moto wa asubuhi ulikuwa umeshazimika. Wageni wa Idi walikuwa wamesimama uani kati ya magodoro yetu, na hatukuwa na kitu cha kuwapa. Mama alianza kusema kitu juu ya maji, akajifunika uso kwa ile kanga iliyochanika.

Bibi wa Kimwera alikuwa amenipita pale mihogoni bila ya kuniuliza chochote. Alikwenda na sahani ya muhogo uliochemshwa, bado unatoa moshi, na chumvi pembeni. Aliiweka mkekani, akawaamkia wageni, akasema majirani wamechelewa kidogo kupika leo. Baba akasema bismillahi, akamega, akala. Halafu akawakaribisha wakwe, kwa heshima zote, kama vile sahani ile ilitoka jikoni kwake. Mama mkwe alishukuru akasema wameshiba. Yule bibi akaketi chini akamega naye, na mama yangu, ambaye hakuwahi kula cha mkono wake, akanyoosha mkono akachukua kipande. Wageni waliacha sinia juu ya kinu, wakaondoka.

Hapo ndipo palipoanza kuwekwa mizani. Siku chache baadaye waliitwa wazee mjini, na baba mkubwa akaleta majibu. Ndoa ipo. Kijana ananitaka, na mama yake hana kinyongo. Ila harusi haiwezi kutoka Mtanda. Watu wazima hawawezi kupandishwa kilima, mapambo yataharibika, na kusema kweli, alisema baba mkubwa akitazama chini, wanaogopa kufedheheka tena. Bibi harusi atolewe nyumba ya babu.

Mama alisema heri. Alitaja kila zuri la kule mjini, msikiti jirani, wapishi wako hapo, wageni hawapotei. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Uani kwake alikuwa ameacha sehemu wazi bila ya kupanda kitu tangu tulipohamia, na sote tulijua ni ya turubai la harusi yangu, maana alikuwa akituonyesha meko yatakaa wapi na wanaume watakaa wapi. Upepo unapita vizuri hapa, alikuwa akisema, watu hawatatoka jasho. Siku ile hakusema habari ya upepo. Alinigeukia mimi akaniuliza nataka lipi.

Nilijitia haya za mwali, nikainamisha kichwa, nikasema atakavyo baba mkubwa. Lakini moyoni nilikuwa nimefurahi. Nilifurahi mpaka nikaogopa wataona mabega yangu. Watu wananiambia hayo yalikuwa ya ujana, yaishe, na mimi nasema waache nione haya yangu, ni yangu.

Na huo mji niliouonea shauku niliupata. Nimekaa nyuma ya ule mlango wa nakshi maisha yangu ya ndoa, sokoni karibu, samaki anafika anaruka. Na nimelala masika kwa masika nikijipepea kwa kipepeo cha ukindu, joto kali, mbu, na kikohozi changu kinajadiliwa asubuhi na mawifi. Kila kizuri nilikipima, na kila kibaya. Hesabu yenyewe haijanikubali mpaka leo.

Siku ya harusi nilipambwa chumba kile kile tulichokuwa tukilala sote zamani. Wapambaji walikuwa wa upande wa kuumeni, wanawake nisiowajua vizuri, wamejaa mpaka ukumbini, wameufunga mlango wa mbele kwa ndani wanaume wasiingie. Baba alikuwa amewekewa kiti barazani nje pamoja na wageni. Wakati ukafika wa yeye, kama walii wangu, kuja kuniomba idhini kabla ya kuozesha. Nilisikia hodi. Nilimjua kwa namna alivyogonga, kidole kimoja, polepole.

Mmoja wa wale wanawake akauliza kwa ndani ni nani, maana wanaume hawaruhusiwi.

 Baba alizaliwa katika nyumba ile. Alijifunzia kutembea pale ukumbini, na babu alimfia mikononi chumba cha pili.

"Mimi baba yake bibi harusi," alisema.

Wakanong'onezana kwanza, wakatafuta mtandio wa kunifunika, ndipo wakamfungulia. Aliingia peku, kanzu aliyoishona mwenyewe, akasimama kizingitini wala hakusogea ndani zaidi. Aliniuliza kama nimeridhia aniozeshe. Nilitaka kumwambia baba tupande, harusi ifanywe uani kwako, wasiotaka wabaki. Maneno yalikuwa yamenijaa kinywani. Niliinamisha kichwa nikanyamaza, na kwetu mwali akinyamaza amekubali. Baba akasema alhamdulillahi, akawaomba radhi wale wanawake kwa kuwasumbua, akarudi nje kwa wageni wenzake.