Siku Nilipompaka Wanja Mbuzi wa Akika

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile pale Kariakoo ningepata shimo ningejifukia mwenyewe, maana hakuna aibu kama kuumbuliwa na mbuzi mbele ya mama mkwe.

Nilikuwa nimejaliwa binti wa kwanza, na mimi kwa mbwembwe zangu (enzi zile za ujamaa hata sukari ni ya foleni, lakini mimi nataka sifa!) nikakimbilia kununua mbuzi wa akika, wa kuchinjwa kumshukuru Mungu kwa mtoto, nikamfunga uani, kumbe macho yamemvimba, mekundu, machozi yanamchuruzika. Jirani yetu bwana mifugo akamkagua, akatikisa kichwa. "Ndugu, hii ni klamidia. Vijidudu vyake vinawasumbua sana mbuzi na kondoo, wengine macho, wengine mimba zinatoka. Mtenge, mtie dawa, na ukimshika nawa mikono."

"Atapona lini?"

"Wiki mbili, tatu hivi."

Na akika ni kesho! Mbuzi wa akika sharti awe mzima, na mama mkwe wangu wa Ilala kwa kukagua hana mpinzani. Basi asubuhi nikaamua jambo dogo tu: nikachukua kichupa cha wanja cha mke wangu, nikamfuta mbuzi machozi, nikampaka kope zote kwa kijiti chake. Akapendeza! (Wallahi, nusura nimpose.)

Mama mkwe akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiye mbuzi huyu? Mashaallah, macho kama ya bi harusi!"

Balozi wetu wa nyumba kumi, naye mgeni wa akika, akanipa mkono, nami nikavimba kichwa. Mama mkwe akaketi mkekani, akampakata mjukuu wake, akasema, "Haya, leteni wanja nimpambe mwanangu." Mke wangu, bila kujua lolote, akampa kichupa kile kile, na mimi nikaona kijiti kinaelekea kwenye jicho la binti yangu, nikachupa, nikakanyaga sinia la maandazi, nikapiga ukelele mtaa mzima ukasikia:

"Mama, usimpake! Huo wanja wa mbuzi!"

Mbuzi naye akajisugua uso ukutani, chokaa nyeupe ikabaki na mstari mweusi, na balozi akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Mama mkwe hakucheka. Alitupa kichupa, akamkumbatia mtoto, akaniambia, "Mwongo mkubwa wewe. Lakini umewahi."

Akika tukaiahirisha, mbuzi akatiwa dawa, na mpaka leo sokoni naitwa Baba Wanja. Waniite tu. Sitaficha tena ugonjwa wa mnyama, maana aibu hupoa, lakini jicho la mtoto hata uyazunguke maduka yote ya spea ya Gerezani hupati spea yake.