Beatha Ashuka Kitini

Kwa miaka mingi Beatha aliosha karoti katika banda la mboga la mzee Kornelio, nje kidogo ya Mlola. Mzee alikuwa tajiri asiye na makuu. Lori likikwama kwa mvua, aliketi na wanawake kumenya njegere, wakipiga soga kwa Kishambaa. Mfanyakazi akifiwa, banda lilifungwa, wote wakaenda kuzika. Mishahara tu, kusema kweli, ilitoka ilipojisikia.

Uzee ulipomlemea, mzee akaiuzia banda kampuni moja ya Dar es Salaam. Akaja meneja, Hamza, kijana wa heshima asiyempita mtu mzima bila shikamoo. Mishahara ikaanza kutoka kwa wakati, na kila mtu akapewa mabuti ya mpira. Lakini soga zikapigwa marufuku kwa kuwa zinachelewesha mikono, na msibani akaruhusiwa mfiwa peke yake.

Beatha akateuliwa kuwa msimamizi. Alipewa koti jeupe na kiti kirefu cha kuwaangalia wenzake. Wiki haijaisha, Latifa, rafiki yake tangu usichana, akaanza kusimulia jinsi mjukuu wake alivyojifunza kutembea kwa kumshika mbuzi mkia. Beatha akaangua kicheko kule juu. Hamza akatokea mlangoni.

"Mama Beatha, nani alikuwa anaongea?"

"Aliyecheka ni mimi."

"Nimeuliza aliyeongea, mama."

Beatha akateremka, akavua koti, akalikunja vizuri. "Mwanangu, nirudishe kwenye beseni. Hapo juu sipawezi."

"Mshahara utashuka."

"Ushuke tu. Mbona mimi nimeshuka?"

Hamza akalipokea koti. "Haya mama. Kaoshe."

Kiti akapewa Kassimu kutoka Lushoto mjini, ambaye hakumjua mtu yeyote pale. Wanawake wakajifunza kuongea wakati wa chakula cha mchana tu, na msibani kwenda jioni, na mabuti yao miguuni. Si kama zamani, lakini wanakwenda.

Nyumbani, Benjamini, mumewe, alinuna siku mbili. Ya tatu akauliza, "Hujuti kweli?"

"Ungekuwa wewe kitini, ungemtaja Latifa?"

Benjamini akafikiri. "Mimi kwa kisa kile cha mbuzi, ningeanguka na kiti."

Wakacheka wote wawili, Beatha akampakulia ugali.