Leseni ya Binti Yangu na Ngozi ya Ng'ombe

Shule niliacha darasa la tatu, lakini kuuliza sikuacha. Kwa hivyo mwaka jana binti yangu wa mwisho aliposema anafunga duka, nilitaka kujua sababu.

Kazi yake ni kutibu ng'ombe. Ana duka la dawa za mifugo karibu na pale tunapopimia majani chai, na pikipiki ya kumfikisha kwa watu. Leseni anapewa na bodi yao, na kila mwisho wa mwaka anailipia upya. Halafu kuna ada ya chama, halafu bima. Mwaka huo vyote vitatu vilipanda pamoja, kama vimeambiana.

"Bima ya nini?" nikamuuliza. "Wewe si mgonjwa."

"Ni ya makosa, mama. Nikiua ng'ombe wa mtu, wanamlipa."

"Kwa hivyo unalipa kabla ya kukosa?"

"Hata nisipokosa."

"Na usipokosa, hiyo pesa inakuwa ya nani?"

"Mama, niache. Bila bima hakuna leseni, na bila leseni sishiki sindano. Heri nirudi kuchuma chai."

Sikumwacha. Nilimsomesha kwa maziwa miaka yote hiyo, halafu aache kazi bila kunijibu? Alhamisi tukaenda ofisi ya bima kule Litein. Nilifunga kitambaa changu cha kanisa.

Pale mezani tulimkuta karani, msichana wa kutoka upande wa ziwa, mchangamfu. "Leo daktari amekuja na askari," akasema, akanivutia kiti. Nikamuuliza lile swali langu. Akanieleza kwamba madaktari wengi wanatoa kidogo kidogo, na mmoja akipata shida, inatoka hapo.

"Na kwa nini imepanda?"

"Watu wanadai siku hizi, mama. Zamani ng'ombe akifa, mtu alisema ni Mungu. Sasa anasema ni daktari."

Nikacheka, maana ni kweli. Tena nikaona hicho kitu nakijua. Sisi Wakipsigis tuna kimanagan: unaweka ng'ombe wako kwa rafiki, yeye anakunywa maziwa, ndama ni wako. Ukiwagawa hivyo, ugonjwa ukiingia boma moja hauwamalizi. Na ng'ombe akifia kwa huyo rafiki, anachuna ngozi, anaibeba mpaka kwa mwenye ng'ombe na kusema ilivyokuwa. Asiyeleta ngozi, tunasema amekula ng'ombe.

"Na nyinyi mnaletewa ngozi?" nikauliza.

"Tunaletewa picha na ripoti. Lakini simu kwetu kwanza. Daktari akikubali makosa kwa mwenye ng'ombe kabla ya kutuambia, hatulipi." Akamtazama binti yangu. "Kama ile ya mwezi wa sita."

Mimi sikujua ya mwezi wa sita. Binti yangu alikuwa anaangalia sakafu.

Alinieleza tukiwa nje. Ng'ombe wa jirani yetu alikuwa amezaa, akaanguka, masikio baridi. Dawa ya mshipa inatakiwa ishuke polepole. Mvua ilikuwa inakuja, yeye akainua chupa juu, dawa ikakimbia, moyo ukasimama. Akamwambia jirani palepale, ni mimi. Kesho yake akampelekea mtamba wake, yule ambaye mimi niliambiwa ameuzwa.

"Wewe ndiye ulinifundisha hivyo," akasema. "Bima ikakataa. Sasa wanataka niongeze. Niongeze ya nini?"

Nikauliza tena. "Na huyo jirani, sasa anaita nani?"

"Ananiita mimi. Wiki jana nilikuwa kwake."

"Kutibu nini?"

"Mtamba wangu."

Tukacheka mpaka wauza ndizi wakageuka.

Nilikuwa na bonasi ya chai, nimeiweka ya mabati ya jikoni. Nikampa. Akakataa, akasema hawezi kula jasho la mzee.

"Nani amekupa ule? Hii ni kimanagan. Leseni ni ng'ombe wangu, inakaa kwako. Maziwa kunywa. Ikifa, niletee ngozi."

"Ngozi ya karatasi, mama?"

"Hiyo hiyo. Na uibebe mwenyewe."

"Na nikikosa tena? Ninyamaze vile wanataka?"

Hilo nililifikiria njia nzima. Tulipofika kwetu nikamwambia simu iko mfukoni, na miguu iko chini. Apigie bima huku anatembea kwenda kwa mwenye ng'ombe. Lakini asisimame.

Jikoni bado panavuja. Nikipeleka majani kupimwa napita dukani kwake, naangalia ukutani kama ng'ombe wangu yuko. Yuko. Na lile swali langu, mwaka ambao hakuna ng'ombe aliyekufa pesa inabaki na nani, yule msichana wa bima hakulimaliza. Nitarudi.