Cheti cha Muuza Maziwa

Ningemwambia karani mkuu hapana, mambo yangeishia pale. Nilisema ndiyo, tena nikicheka.

Ilikuwa Garissa, wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa mpakani. Mimi nilikuwa karani kijana kutoka bara, na kila alasiri nilijitolea kuwafundisha watu wazima kusoma kwenye baraza la duka moja. Aliyekaa mbele kabisa alikuwa mama muuza maziwa, ambaye sote tulimwita Eeddo, yaani shangazi. Mbuzi wake walikuwa ng'ambo ya kizuizi cha askari, na bila kibali chenye siku sahihi hakuna aliyevuka. Karani mmoja aliwahi kumwandikia Jumanne badala ya Jumatano, akarudishwa.

"Mimi nataka soma siku na macho yangu," alisema. "Mdomo ya karani nimechoka."

Mkaguzi wa elimu akatangaza kwamba angekuja baada ya wiki moja, nasi hatujamaliza hata irabu. Karani mkuu akaniambia, "Wasomee kitabu, wakariri. Hawa walikariri Kurani utotoni, hicho chako kitawashinda?"

Hakikuwashinda. Niliwasomea siku tatu. Siku ya nne wakawa wananisahihisha.

Mkaguzi alifika akitiririka jasho, akaketi karibu na birika la chai. Eeddo akasimama, kitabu kakishika juu chini, akasoma bila kukwama na kufunua kurasa mahali panapostahili. Alipofika ukurasa wa tatu akasema kwa ukali, "Nyamazeni huko nyuma," akakohoa kidogo, akaendelea, maana ndivyo nilivyowasomea mimi. Mkaguzi aligeuka kutazama nani anayepiga kelele huko nyuma.

"Hawa wamehitimu," alisema. Akawapa vyeti, akafunga darasa, akaamuru mimi na vitabu tuondoke na lori la asubuhi kwenda Wajir, tukafanye vivyo hivyo.

Eeddo alikikunja cheti chake, akaketi tena mbele. "Haya, mwalimu. Mgeni amekwenda. Sasa nifundishe kusoma."

"Darasa limefungwa, Eeddo."

"Wallahi? Na kibali yangu?"

"Hutakosa mtu wa kukusomea."

Alimkosa. Mwezi uliofuata alikuwa na vibali viwili, kimoja muda wake umekwisha. Akamwuliza mwenye duka kipi ndicho kipya, naye akacheka: "Si una cheti, mama? Soma." Akachagua mwenyewe, akakosea. Askari walimshika wakidhani anawapelekea shifta chakula, wakamweka ndani siku tisa. Mbuzi wake wakafa kwa kiu.

Niliporudi kutoka Wajir, nilimkuta sokoni akiuza maziwa ya mbuzi wa watu. Alinimiminia kikombe, hata hakunipunja.

"Chukua, karani," alisema.

Darasa lile lilikuwa kazi pekee niliyowahi kuipenda. Sikuthubutu kulifungua tena, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniita mwalimu. Eeddo alikufa hajui kusoma.