Gauni Jekundu

Siku ya nne baada ya Idi ndogo niliipoteza sanda ya bibi yangu, nami sikujua kuwa ni sanda.

Nilikumbuka juzi, nilipoona duka moja Lindi limeshusha bei ya vitambaa vilivyobaki baada ya sikukuu. Bibi naye alisubiri hivyo hivyo, Idi ipite, ili bafta ya kanzu iliyobaki dukani pale Mchinga iwe rahisi. Alinifungia fedha kwenye pindo la kanga.

"Bafta nyeupe, mama. Usiniletee kingine."

Nilidhani anataka shuka. Dukani palinukia nguo mpya na mafuta ya taa. Bafta ilikuwepo, lakini kando yake palikuwa na kitambaa chekundu cha maua, na kwa fedha ile ile nilipata kitambaa kirefu zaidi kwa mikono miwili. Nilijiona najua kununua. Nyumbani nikasema bafta imekwisha.

Bibi alikipapasa, akacheka. "Haya, basi nami nisife mpaka wailete nyingine." Akanishonea gauni kwa mkono wake.

Alifariki kabla ya Idi kubwa. Vita vilikuwa vimeanza, na bafta haikupatikana Mchinga wala Lindi. Wanawake walikaa uani wakiulizana. Mwishowe jirani yetu Bi Zuhura, aliyemzidi bibi umri, alikwenda kwake akafungua sanduku, akarudi na bafta aliyojiwekea mwenyewe.

Aliponikuta mlangoni nalia, nimevaa lile gauni jekundu, alinishika bega.

"Usilie, mwanangu," alisema. "Gauni limekupendeza."